Majimaji: Kwa nini kumbukizi ya Songea huishia kaburini

KILA mwaka ifikapo Februari 27, wananchi hukusanyika katika eneo la Mahenge mjini Songea, mkoani Ruvuma, kuwakumbuka mashujaa 67 waliouawa na serikali ya kikoloni ya Ujerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Wengi wao walizikwa katika kaburi moja la pamoja, ambalo leo limo ndani ya eneo la Makumbusho ya Majimaji.

Katika maadhimisho hayo huchezwa ngoma za jadi, ikiwamo lizombe ya Wangoni. Huonekana pia mavazi ya kale, mikuki na ngao. Mgeni anaweza kudhani kuwa yuko katika tamasha la kuigiza vita kama yale yanayofanyika Ulaya na Marekani. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili.

Nchini Uingereza, mapigano ya Hastings ya Oktoba 14, 1066 huigizwa karibu na uwanja yalikopiganwa. Nchini Marekani, mapigano ya Gettysburg ya Julai 1 hadi 3, 1863 nayo huvuta watazamaji wengi. Washiriki, ambao wengi wao hufanya hivyo kwa kujifurahisha, hutumia mwisho wa juma wakiishi kama watu wa zamani. Hulala katika mahema ya turubai, hupika kwa kuni na huvaa sare zilizoshonwa kwa mtindo wa enzi hizo. Bunduki zao hutiwa baruti bila risasi. Anayeanguka “amekufa” huinuka baada ya muda na kurudi nyumbani.

Katika Songea, kilele cha siku si pambano, bali ni ibada ya kumbukumbu mbele ya mnara na makaburi, ambako huwekwa mashada ya maua na silaha za jadi. Utaratibu wa kuweka silaha upo pia kitaifa. Katika Siku ya Mashujaa, Julai 25, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Silaha ambayo kwingineko ingeinuliwa kuonyesha vita, hapa hulazwa chini kwa heshima ya marehemu.

Sababu ya kwanza ya tofauti hiyo ni ukaribu wa msiba. Hastings ilipiganwa takriban miaka elfu moja iliyopita, na ni vigumu leo kumkuta mtu anayelilia babu yake aliyeanguka pale. Mashujaa wa Songea wana wajukuu na vitukuu wanaojulikana kwa majina, na baadhi yao hufika kaburini kila Februari. Katika mazingira hayo si rahisi kumpata mtu wa kuvaa sare ya askari na kushika kamba ya kunyongea, hata kwa mchezo.

Sababu ya pili ni aina ya vita yenyewe. Majimaji ilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, Kilwa, na ikaenea kusini kwa imani kwamba maji ya dawa yaliyotolewa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yangezigeuza risasi kuwa maji. Wapiganaji wenye mikuki na magobole walikabili bunduki za rashasha. Waliposhindwa, Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala ya nafaka, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo hutofautiana, kuanzia 75,000 hadi 300,000. Pambano linaweza kuigizwa kwa saa moja, lakini njaa iliyodumu kwa misimu haiigiziki uwanjani.

Sababu ya tatu ni kwamba shauri lenyewe halijafungwa. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, ana kaburi lake peke yake. Ukoo wake unaamini kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na ukoo huo, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Jambo kama hilo si geni nchini. Fuvu lililotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898, lilidaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini lilirejeshwa Kalenga, Iringa, mwaka 1954 tu.

Hii haina maana kwamba historia haiwezi kuonyeshwa kwa vitendo. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, iliipandisha Majimaji jukwaani na kuuliza maswali magumu kuhusu imani na uongozi. Aidha, Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na kwa miaka mingi kimekuwa na siku maalumu ambazo jamii huonyesha mapishi, ufundi na ngoma zake. Huko kinachoigwa ni maisha, si mauaji.

Njia hiyo ingeweza kuifaa hata mikoa ambayo vita vyake havina mnara mashuhuri. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Kigoma, na nchi ya Waha, zikiwamo Kasulu na Kibondo, ikabaki chini yao hadi mwaka 1921. Vita hivyo vilitegemea wapagazi waliobeba vyakula na risasi kichwani. Mzigo, chakula cha safarini na nyimbo za njiani vinaweza kuonyeshwa kwa vijana wa Murungu bila kumfyatulia mtu bunduki.

La msingi ni kuwauliza kwanza wenye makaburi. Songea huanza na kaburi, ndipo ngoma hupigwa bila kumvunjia marehemu heshima.