Kipanya Hakitoshi Kuwa Shahidi

Kwa mafundi wa kompyuta wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, mashine za kila rika hukutana meza moja: kompyuta za mitumba zilizostaafu ofisi za Ulaya, na laptopu mpya ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Lalamiko ni lile lile: flashi haisomi. Mtu huchomeka kipanya, mshale ukicheza kwenye skrini anatangaza kwamba tundu ni zima.

Hapo ndipo wengi hupotea. Nyuma ya tundu la USB kuna kidhibiti, saketi inayopokea na kugawa data. Kompyuta nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa na vidhibiti vya aina mbili kwa tundu lile lile. EHCI ilishughulikia megabiti 480 kwa sekunde, kasi iliyoletwa na USB 2.0 mwaka 2000. Kipanya, ambacho huhitaji megabiti 1.5 tu, kilipelekwa kwa UHCI au OHCI, vidhibiti vya kizazi cha USB ya kwanza. EHCI ikifa, kipanya hakina habari. Flashi ndiyo itakayogoma, au ijikokote kwa megabiti 12, na sinema ya megabaiti 700 ichukue zaidi ya dakika kumi.

Mashine mpya zina mtego wake. USB 3.0, ya mwaka 2008, iliongeza pini tano juu ya zile nne za zamani. Kipanya hutumia nne za zamani tu, kwa hiyo hizo tano zaweza kupinda au kujaa vumbi nacho kikaendelea kutembea. Hata flashi ya 3.0 ukiichomeka polepole mno, pini za zamani hugusana kwanza na kompyuta huishia kuichukua kama ya 2.0.

Kwa hiyo jaribu kwa flashi yenye kasi, tena uliyohakikisha kwenye mashine nyingine. Kisha washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye diski au flashi, uandike lsusb -t. Utaona jina la kidhibiti, na mbele ya kila kifaa kasi yake, kama 1.5M, 12M, 480M au 5000M. Flashi ya 3.0 ikionyesha 480M kwenye tundu la buluu, yaani la 3.0, ichomoe uichomeke tena kwa haraka kabla ya kulaumu chochote.

Linux hapa inasaidia pia kumwondolea Windows lawama, au kumtwika. Windows 7 haikuja na draiva ya xHCI, kidhibiti kinachobeba kasi zote peke yake, na chipu za Intel za Skylake za 2015 ziliondoa EHCI. Ukiweka Windows 7 kwenye mashine yenye chipu hizo, kibodi iliyokuwa ikifanya kazi kwenye BIOS huzimika katikati ya usakinishaji. Nimeona bodi zikihukumiwa kwa kosa hilo, bodi zisizo na doa.

Bado kuna shaka? Zima mashine, chomoa umeme na betri, weka mita kwenye kipimo cha dayodi, pima nyaya mbili za data kwa ardhi. Namba zikitofautiana sana, waya mmoja umeathirika, na mara nyingi chanzo ni umeme uliopanda ghafla. Kwenye kompyuta ya mezani, kadi ya USB ya PCI inaweza kuokoa siku. Kwenye laptopu, kidhibiti kimo ndani ya chipu kubwa ya bodi, na bei ya kuibadilisha mara nyingi hukaribia ya laptopu nyingine ya mtumba.