Je, Wajua? ATP Hubeba Habari Pia

Je, wajua kwamba ATP, ile molekuli tuliyokaririshwa shuleni kuwa ni nishati ya seli, ina kazi ya pili? Ikiwa ndani ya seli, huendesha shughuli nyingi. Ikimwagika nje, seli jirani huipokea kama taarifa ya hatari: hapa pameumia.

Wajua kwamba ATP ilitambuliwa mwaka 1929, na mwaka huohuo Alan Drury na Albert Szent-Györgyi, wakiwa Cambridge, wakaonyesha kuwa adenosini, kiini cha ATP, hupunguza mapigo ya moyo? Leo madaktari huichoma mshipani kutuliza aina fulani za moyo kwenda mbio. Hudumu kwenye damu sekunde chache tu, kisha imekwisha.

Wajua kwamba Geoffrey Burnstock aliposema mwaka 1972 kuwa zipo neva zinazotumia ATP kupeleka ujumbe, wanasayansi wenzake wengi walimkatalia? Ilichukua karibu miaka 20 na ugunduzi wa jeni za vipokezi vya ujumbe huo ndipo ubishi ukaisha. Mimi humheshimu sana kwa kutokukata tamaa. Sasa vinajulikana vipokezi 19 kwa binadamu: 4 vya adenosini, 7 vya kundi la P2X na 8 vya P2Y.

Kikombe cha kahawa nacho kimo humu. Adenosini huongezeka ubongoni kadiri unavyokaa macho, na ndiyo moja ya sababu za kusinzia. Kafeini ya kahawa huziba vipokezi vya adenosini.

Adenosini tutaikuta tena kwenye mifupa. Wajua kwamba kwenye uboho wa mifupa yako kuna seli zinazoweza kugeuka mfupa, gegedu au mafuta? Alexander Friedenstein na wenzake walizichunguza Urusi kuanzia miaka ya 1960. Arnold Caplan wa Marekani akazipa jina la seli shina za mesenkima mwaka 1991. Mwaka 2006 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kwamba, pamoja na masharti mengine, seli hizo lazima ziwe na alama tatu juu ya utando wake: CD105, CD90 na CD73.

Hapo kwenye CD73 ndipo penye utamu. Alama hiyo ni kitambulisho kinachofanya kazi, kwa sababu CD73 ni kimeng'enya. Kimeng'enya kingine, CD39, hukata ATP iliyomwagika nje mpaka ibaki AMP. Kisha CD73 huondoa fosfati ya mwisho, na kinachobaki ni adenosini. Tazama maana yake: ATP ilikuwa ikichochea uvimbe, adenosini inazituliza seli za kinga. Taarifa ya hatari imegeuzwa kuwa amri ya kutulia. CD39 ikiwa kidogo kwenye seli shina, seli za kinga zilizo jirani huleta ya kwao, na kazi hufanyika kwa ushirikiano. Adenosini hiyohiyo, ikipitia kipokezi cha A2B, huisukuma seli shina ielekee kuwa mfupa.

Na CD73 ikikosekana? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliripoti familia zenye hitilafu ya jeni yake, NT5E. Ateri za miguuni na viungo vya mikono na miguu vya watu hao viligandwa na madini ya kalsiamu, wakapata maumivu makali ya kutembea.

Wajua kwamba kimelea cha malaria hakiwezi kujitengenezea purini, malighafi ya ATP na DNA? Hulazimika kuzichukua kwenye chembe nyekundu ya damu kinamoishi, na watafiti wanatafuta dawa ya kukifungia mlango huo.

Binadamu mwenyewe hutumia tena purini zake nyingi; zinazobaki huishia kuwa asidi ya yuriki. Ikizidi, fuwele zake hukaa kwenye viungo, na hiyo ndiyo gauti.

La mwisho, nalo ni la afya na mfuko wako. Tiba ya kwanza ya seli shina za mesenkima kuidhinishwa Marekani ilipata kibali Desemba 2024, kwa watoto ambao seli walizopandikizwa zinaushambulia mwili wao na dawa za steroidi zimeshindwa. Si ya magoti, si ya kisukari, si ya kurudisha ujana. Ukiuziwa sindano ya seli shina, dai kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi yako kabla hujatoa hata shilingi moja.