Hifadhi ya Turathi Vitani: Mlango wa Sidi Yahia (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954, unaozikataza dola kuyashambulia majengo ya taadhima isipokuwa kwa dharura ya vita isiyo na budi. Na msomaji atakumbuka jinsi nilivyolilalamikia neno hilo dharura, kwani sijapata kusikia jemadari aliyeikosa. Leo tuitazame Timbuktu, ambako hata udhuru huo haukupatikana.

Wapiganaji wa Ansar Dine na wenzao walipoanza kuyabomoa maziara ya mawalii, baina ya tarehe 30 Juni na 11 Julai 2012, mji ulikuwa umekwisha kuwa mikononi mwao, wala hapakuwa na adui aliyejibanza nyuma ya kaburi lolote. Sululu zile zilipigana na udongo mtupu. Katika msikiti wa Sidi Yahia waliung'oa mlango ambao wazee walipokea kwa wazee wao kwamba hautafunguliwa mpaka siku ya mwisho wa dunia.

Ahmad al-Faqi al-Mahdi, aliyekuwa mkuu wa Hisba, kikosi chao cha kusimamia maadili, hakuwa jahili. Kwanza aliwashauri wakubwa wake wayaache maziara, wasije wakachukiwa na raia. Kisha, amri ilipotolewa, akaitii, na khutba ya Ijumaa ya kuhalalisha ubomoaji akaiandika yeye mwenyewe, hata kalamu ikaitangulia sululu.

Mkataba wa Roma wa 1998 unahesabu kuwa ni jinai ya vita kuyakusudia majengo ya ibada na ya tarehe yasiyotumiwa kwa vita, na kwa mujibu wake Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu, baada ya yeye kukiri, kifungo cha miaka 9. Mahakimu walisema waziwazi kwamba kosa juu ya mali, kwa kawaida, ni jepesi kuliko kosa juu ya mwili wa mtu. Walakini walizingatia kuwa kuta zile, ambazo sisi watu wa pwani tuliozoea kuzuru hatuhitaji kufasiriwa thamani yake, zilikuwa zikitunzwa na wenyeji wenyewe. Mwaka 2017 fidia ikakadiriwa euro milioni 2.7, pamoja na euro moja tu, ya ishara, kwa dola ya Mali.

Waashi wa Timbuktu hawakuingoja hesabu hiyo. Maziara yalikuwa yamesimama tena tangu 2015. Na mlango wa Sidi Yahia ulirudishwa Septemba 2016, siku chache kabla ya hukumu kusomwa.