Hesabu ya kemia kabla ya kununua angre na chokaa



Mvua inakaribia, na koperative nyingi za Mutoshi na kandokando ya Kolwezi zinakusanya feza za kununua angre kwa pamoja. Wakati huohuo, watoto wetu wa sekondari wanarudi nyumbani na mazoezi ya kemia: tafuta uzito wa molekuli, tafuta asilimia ya azoti, tafuta gramu ngapi za chokaa zinaua asidi hii. Wazazi wengi wanafikiri kazi ile ni ya masomo tu. Lakini hesabu ile ndiyo inayotuonyesha feza yetu inanunua nini, na shamba litapata nini. Katika ukurasa huu tutafanya hesabu tatu. Chukua kalamu, na kama mtoto wa sekondari yuko karibu, mwite.

Uzito unaohitaji

Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na kila aina ya atomu ina uzito wake. Kwa kazi yetu, namba hizi zinatosha:

Idrojeni (H) 1. Kaboni (C) 12. Azoti (N) 14. Oksijeni (O) 16. Fosfori (P) 31. Sulfuri (S) 32. Kalsiamu (Ca) 40.

Njia ni ileile kila mara. Kwanza, andika unachotafuta, na kwa kipimo gani: kilo, mfuko, au ektari. Pili, andika fomula na ujumlishe uzito wa atomu zake zote. Tatu, angalia sehemu unayoitaka ni ngapi ndani ya jumla. Nne, soma jibu lako tena na ujiulize: je, linawezekana? Ukipata kilo 60 za azoti ndani ya mfuko wa kilo 50, kuna mahali ulipotea.

Hesabu ya kwanza: mfuko gani ni wa bei nafuu kweli?

Urea ina fomula CO(NH2)2. Jumlisha: kaboni 12, oksijeni 16, azoti mbili 28, idrojeni nne 4. Jumla ni 60. Azoti ni 28 ndani ya 60, ni kusema 0,467, karibu asilimia 47. Kwenye mfuko wameandika 46, kwa sababu urea ya kiwanda haiko safi kabisa. Basi mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za azoti.

Sulfati ya amonia ina fomula (NH4)2SO4. Azoti mbili 28, idrojeni nane 8, sulfuri 32, oksijeni nne 64. Jumla ni 132. Azoti ni 28 ndani ya 132, karibu asilimia 21. Mfuko wa kilo 50 una kilo 10 na nusu tu za azoti.

Sasa tuende sokoni. Tuseme mfuko wa urea ni franka 120 000, na wa sulfati ni 70 000. (Bei hizi ni za mfano tu, weka bei ya kwenu.) Wengi watasema: "Huu njo wa bei ya chini, tuchukue huu." Ngoja kwanza, tugawanye:

Urea: 120 000 kugawanya kwa 23 = karibu franka 5 200 kwa kilo moja ya azoti.
Sulfati: 70 000 kugawanya kwa 10,5 = karibu franka 6 700 kwa kilo moja ya azoti.

Mfuko wa bei ya chini ndio unaouza azoti kwa bei ya juu. Koperative inayohitaji kilo 230 za azoti itanunua mifuko 10 ya urea kwa franka 1 200 000. Kwa sulfati itahitaji mifuko 22, ni kusema 1 540 000, na bado gari la kuibeba. Sulfati ina faida yake, inaleta sulfuri. Lakini pia inaongeza ukali wa udongo kuliko urea, na udongo wetu mwekundu tayari ni mkali.

Hesabu hii inasaidia pia kujilinda. Zote mbili ni punje nyeupe. Muuzaji akikuletea mfuko usio na maandishi, au ulioshonwa upya, na kusema ni urea, huna namba ya kuanzia hesabu. Msinunue.

Hesabu ya pili: fosfori ya mfuko na fosfori ya ushauri

Mfuko wa NPK 10-20-10 una namba tatu. Ya kwanza ni azoti yenyewe. Namba ya katikati inawapotosha wengi: 20 si fosfori tupu, ni fosfori iliyoungana na oksijeni, P2O5. Fosfori mbili ni 62, oksijeni tano ni 80, jumla 142. Fosfori ni 62 ndani ya 142, karibu 0,44.

Mfuko wa kilo 50 wa 10-20-10 una kilo 10 za P2O5, lakini fosfori yenyewe ni kilo 4,4 tu. Agronomu akisema "wekeni kilo 20 kwa ektari", mwulize palepale: ni fosfori au ni P2O5? Kama ni P2O5, mifuko 2 inatosha. Kama ni fosfori yenyewe, mtahitaji mifuko 4 na nusu. Swali moja dogo linabadilisha bajeti ya koperative zaidi ya mara mbili.

Hesabu ya tatu: chokaa ngapi kwa udongo mkali?

Hapa Mutoshi chokaa ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza ukali, ili mahindi na maharagwe yapate chakula chao. Ya pili inatuhusu sisi watu wa nchi ya shaba. Udongo ukiwa mkali, shaba iliyomo inayeyuka na kuingia kwenye mizizi. Ukali ukipungua, udongo unaishika ile shaba na mmea unapata kidogo. Chokaa haiondoi shaba, inaifunga tu. Kwa hiyo usilime lengalenga au matembele juu ya mabaki ya mgodi ukitegemea chokaa, na mboga za karibu na barabara ya vumbi zioshwe vizuri.

Madukani kuna chokaa za aina tatu:

Mawe ya chokaa yaliyosagwa, CaCO3: 40 + 12 + 48 = 100.
Chokaa iliyozimwa kwa maji, Ca(OH)2: 40 + 32 + 2 = 74.
Chokaa iliyochomwa, isiyozimwa, CaO: 40 + 16 = 56.

Molekuli moja ya kila aina inaua chembe mbili za asidi. Kazi ni moja, uzito ni tofauti. Ndiyo maana kilo 100 za mawe yaliyosagwa, kilo 74 za chokaa iliyozimwa na kilo 56 za iliyochomwa zina nguvu sawa.

Tuseme udongo umepimwa, na ushauri ni tani 2 za CaCO3 kwa ektari. Shamba lako ni mita 20 kwa 25, ni kusema mita za mraba 500. Ektari ni 10 000, basi shamba ni sehemu moja ya ishirini. Kilo 2 000 kugawanya kwa 20 ni kilo 100. Ukipata chokaa iliyozimwa, weka kilo 74.

Na kama mawe yaliyosagwa yana usafi wa asilimia 80 tu? Hapa wengi wanazidisha kwa 0,80 na kupata kilo 80. Jiulize: chokaa yenye uchafu inahitajika kidogo au nyingi? Nyingi. Kwa hiyo tunagawanya: 100 kugawanya kwa 0,80 ni kilo 125.

Mambo ya kuchunga

Chokaa iliyochomwa inapokutana na maji inatoa moto mkali na inaunguza macho na ngozi. Watoto wasiiguse, na anayeimwaga avae glavu, miwani na kitambaa cha pua. Usizidishe kipimo, kwani chokaa nyingi mno inanyima mimea chakula kingine. Wala usichanganye chokaa na urea au sulfati ya amonia: azoti inageuka amonia na kupaa hewani, ile harufu ya kuchoma pua. Ile ni feza yako inaenda. Weka chokaa wiki kadhaa kabla ya angre.

Jaribuni wenyewe

1. Mfuko wa DAP 18-46 una kilo 50. Una kilo ngapi za azoti, na ngapi za fosfori yenyewe?

2. Shamba ni mita 30 kwa 20. Ushauri ni tani 1 na nusu za CaCO3 kwa ektari. Mna chokaa iliyozimwa tu. Mtaweka kilo ngapi?

Majibu: (1) Azoti kilo 9, P2O5 kilo 23, basi fosfori ni karibu kilo 10. (2) CaCO3 ingekuwa kilo 90. Chokaa iliyozimwa ni 90 mara 0,74, karibu kilo 67.

Kateni ukurasa huu na muuweke ndani ya daftari la manunuzi. Siku ya kikao cha kununua angre, mweka hazina asome bei, na mwanachama mwingine afanye mgawanyo mbele ya wote, kilo kwa kilo, kabla ya feza kutoka.