Haibridi hainywi mafuta sana, lakini usiinyime hewa

Unawaza kununua Fielder haibridi ya familia? Poa, lakini sikiza kwanza.

Kwenye jam ya Waiyaki Way jioni, gari la kawaida huchoma petroli hata likiwa limesimama. Haibridi huzima injini na kusogea kwa mota ya umeme. Ukikanyaga breki, mota hiyo hugeuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri. Huchomeki popote. Ndiyo maana foleni tunayoichukia ndipo haibridi inapokuokolea doh. Ukifululiza hadi Nakuru, breki hazikanyagwi sana, na tofauti hupungua.

Usidanganyike na kilomita 33 kwa lita zilizotangazwa Japani gari hili lilipozinduliwa mwaka wa 2013. Hizo ni za maabara. Pima mwenyewe: jaza tangi, rudisha mita ya safari kwenye sufuri, endesha wiki nzima, jaza tena, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza.

Sasa kitu ambacho mabroka hawakuambii. Betri kubwa imekaa chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa na hewa inayovutwa kupitia tundu kando ya kiti. Vumbi na makombo ya watoto yakijaa hapo, ama ukiziba na mifuko ya shopping, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Kila sevisi, fundi asafishe tundu na feni yake.

Na kabla hujalipa hata shilingi, betri ipimwe kwa mashine. Ikikufa mikononi mwako, akiba yote ya petroli itaishia hapo.