Mapumziko ya Nyumbani: Yanajenga au Yanabomoa?

Ndugu msomaji, ukifika kliniki tukakuuliza unafanya kazi gani, unajibu upesi: mkulima, fundi, mwalimu, mama wa nyumbani. Tukikuuliza unapumzikaje ukiwa nyumbani, unacheka. Wengi hudhani swali hilo si la hospitali. Kumbe yale tunayoyafanya jioni na siku za mapumziko, yaani kuangalia runinga, kusoma, kupanga vyombo na kupika, yanaingia mwilini mwetu sawasawa na kazi ya mchana. Tofauti ni kwamba saa hizo hakuna anayezihesabu.

Safari hii ningependa tuzihesabu pamoja, na nitaanza na mwalimu mmoja mstaafu. Ameniruhusu nisimulie habari zake ili ziwafae wengine, ila jina nisilitaje.

MWALIMU NA KOCHI LAKE

Alikuja kliniki akiwa na umri wa miaka 66, amevaa kandambili.

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwamkia.

"Marahaba, sista. Unisamehe kwa kandambili hizi. Miguu imekataa viatu."

Nilimkalisha kwa dakika 5 ndipo nikampima. Presha ilikuwa 168 kwa 102. Tulirudia kupima siku hiyo na siku nyingine, hali ikawa ile ile. Daktari alimpima mkojo na damu, akausikiliza moyo, akamwanzishia dawa. Kisha akaniachia mimi niongee naye habari za maisha ya nyumbani.

"Mwalimu, nieleze siku yako tangu unapoamka."

"Asubuhi nakunywa chai huku naangalia habari. Halafu kuna marudio ya mechi. Mchana nalala kidogo. Jioni ni tamthilia, naangalia pamoja na mama. Usiku sasa ndiyo mpira wenyewe."

Tulihesabu kwa vidole vya mikono yote miwili, kikabaki kidole kimoja tu. Saa 9 kwa siku kwenye kochi! Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya darasa kwa miaka 35. Alipostaafu, kiinua mgongo kikamnunulia runinga kubwa na kochi la kulazia mgongo.

"Lakini sista," akasema, "nimesimama miaka yote hiyo. Sasa nisipumzike?"

Nilimjibu kuwa kupumzika ni haki yake, lakini kukaa bila kujisogeza si kupumzika. Mwili wa binadamu ukikalishwa mno unachoka kwa namna nyingine.

RUNINGA

Runinga kwetu ni mgeni wa juzi. Zanzibar iliipata mwaka 1973, na Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Wazee wetu walipumzika vilevile, lakini mikono yao haikukaa bure. Walipukuchua mahindi, walichambua mchele na walisuka ukili huku hadithi zinaendelea. Runinga imetuletea starehe isiyohitaji mikono wala miguu.

Misuli ya ndama za miguu hufanya kazi ya pampu. Unapotembea hujikaza na kuisukuma damu irudi juu kwenye moyo. Ukikaa saa nyingi pampu hiyo husimama, na majimaji hujikusanya miguuni. Pamoja na hayo, mwili usiotumika hunenepa, sukari hupanda kwa urahisi na presha hukaribishwa. Hata hivyo, ukiona miguu imevimba usijiambie kuwa ni kukaa tu. Moyo, figo, ini na hata baadhi ya dawa za presha huweza kuvimbisha miguu. Fika hospitali upimwe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha kati, kama kutembea haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwalimu aliposikia hivyo akashtuka, akidhani namtaka akimbie barabarani. Tulitafuta njia iliyomo ndani ya mpira wake. Kila mechi ina mapumziko ya dakika 15. Akitembea kwa haraka kuzunguka nyumba katika mapumziko ya mechi mbili, amepata dakika 30. Siku 5 za namna hiyo ni dakika 150. Hakuna goli lililompita.

Yako mengine machache ya kuzingatia:

- Matangazo ya biashara yakianza, simama. Kaoshe kikombe, kafunge kuku, ndipo urudi.
- Usile chakula mbele ya runinga. Macho yakiwa kwenye picha, tumbo halisikii kuwa limeshiba.
- Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 haishauriwi kumweka mbele ya runinga wala simu. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.
- Zima runinga na simu mapema kabla ya kulala, ili usingizi usichelewe.

KUSOMA

Nilimuuliza Mwalimu kwa nini mtu aliyeishi na vitabu miaka yote hiyo hasomi tena. Alisita, kisha akasema maandishi yamekuwa madogo siku hizi. Maandishi hayajabadilika, ndugu msomaji. Tukishafika miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa na kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Ndiyo maana unamwona mtu mzima anasogeza gazeti mbali mpaka mkono unakwisha. Mwalimu hakukihama kitabu kwa kupenda. Macho yalimfukuza, akakimbilia runinga ambayo ilionekana vizuri kwa mbali.

Dawa ya hali hiyo ni miwani ya kusomea. Usiazime ya jirani. Nenda kitengo cha macho upimwe, kwa sababu huko pia wataangalia mtoto wa jicho, pamoja na presha ya macho, ambayo hula uwezo wa kuona taratibu bila maumivu. Unaposoma, taa iwe na mwanga wa kutosha, na kila baada ya dakika 20 inua macho utazame mbali kidogo. Watoto wanaosoma sana wapate pia muda wa kucheza nje mchana. Mwanga wa nje husaidia kuyakinga macho yao na tatizo la kutoona mbali.

Kusoma kuna faida kubwa zaidi kukiwa kwa sauti. Mwalimu alinikumbusha kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Yeye alikuwa kijana wa miaka 15 hivi. Watu wazima walikutana katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasomewa vijitabu na kujadiliana habari za malaria, maji na vyoo. Inakadiriwa kuwa watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki, na baada ya kusoma walishika majembe wakachimba vyoo. Baba yake Mwalimu hakujua kusoma, hivyo yeye ndiye aliyemsomea. Basi nikamwambia, "Mwalimu, kazi hiyo hujastaafu." Siku hizi jioni anawasomea wajukuu, nao wanamsomea yeye. Karatasi ya maelezo ya dawa zake anaisoma mwenyewe.

KUPANGA NYUMBA

Mara ya pili Mwalimu alipofika hospitalini haikuwa siku yake ya kliniki. Ilikuwa usiku, amembeba mjukuu wa miaka 2 anayekohoa na kupumua kwa shida. Nyumba nzima ilikuwa sebuleni inaangalia mechi. Chini ya meza ya jikoni kulikuwa na chupa ya soda yenye mafuta ya taa ya kuwashia mkaa. Mtoto alikuwa na kiu, na chupa ya soda aliifahamu.

Jirani mwenye nia njema alikuwa tayari amemnywesha maziwa ili atapike. Hilo ndilo kosa linalotuumiza zaidi. Mafuta ya taa yakiwa tumboni madhara yake si makubwa kama yakiingia mapafuni, na mtoto akitapika huyavuta mapafuni yakasababisha homa ya mapafu. Mtoto huyo alilazwa siku 5, na kwa usiku wa kwanza alipumua kwa msaada wa oksijeni. Alipona. Wapo ambao hawakupona.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mlete hospitali mara moja, na chupa uje nayo.

Tangu usiku ule Mwalimu alijipatia shughuli mpya, yaani kupanga nyumba. Alianza na jikoni, akaenda stoo, akamalizia chini ya kitanda. Wengi huona kupanga vitu ni ushamba wa mstaafu asiye na kazi. Mimi naona ni kinga isiyolipiwa, na kuinama na kuinuka kwenyewe ni mazoezi. Jumamosi moja kwa mwezi pitia nyumba yako hivi:

- Mafuta ya taa, dawa za mifugo, za shambani na za kuua panya zisikae kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Ziwe kwenye vyombo vyake, juu, na zifungiwe.
- Dawa za binadamu zikae mahali pakavu, mbali na jiko na jua, mtoto asipofika. Tazama tarehe. Zilizokwisha muda zirudishe kituo cha afya au duka la dawa.
- Weka dawa za kila siku mahali pamoja ili usisahau wala usirudie.
- Ondoa njiani ndoo, nyaya na mikeka iliyojikunja. Mzee akijikwaa na kuvunjika nyonga, kunyanyuka kwake ni kazi kubwa.
- Mapipa na ndoo za maji zifunikwe, na makopo matupu yasituamishe maji ya mvua, maana humo mbu wa homa ya dengue huzaliana.

KUPIKA

Mke wa Mwalimu alisafiri miezi miwili kwenda kumwuguza binti yao aliyejifungua. Mwalimu akabaki na wajukuu na sufuria. Alikuja kliniki akilalamika kwamba watu wa mtaani wanamcheka. Nilimwambia awaache wacheke, kwa sababu mwenye presha anayepika mwenyewe anajua chumvi ni kiasi gani.

Mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni jumla ya yote: ya kwenye mboga, kwenye mkate, kwenye dagaa waliotiwa chumvi na kwenye vile vidonge vya kutia ladha mchuzi. Ondoa kopo la chumvi mezani. Tumia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya na pilipili hoho. Ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Mchicha na matembele yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe kwa muda mfupi na maji kidogo, maana vitamini C huharibika kwa moto na kumwagika na maji. Mafuta kidogo yanafaa, kwa kuwa husaidia mwili kupokea vitamini A, lakini mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi yatupwe. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, na ugali au wali usijenge mlima.

Angalieni pia moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Pika mahali penye hewa, kuni ziwe kavu, na mtoto mchanga asifungwe mgongoni wakati unapuliza moto. Nyakati za baridi usiingize kamwe jiko la mkaa chumbani mnapolala. Mkaa hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Waliolala nayo wengi hawakuamka. Na mtu akiungua, mwagia pale maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, ute wa yai na masizi havitibu, huleta uchafu kwenye kidonda.

TUMALIZIE

Baada ya miezi 8 presha ya Mwalimu ilikuwa 136 kwa 84, na amerudi kuvaa viatu. Akaniuliza kama sasa aache dawa. Nami nawajibu nyote niliyomjibu yeye: presha ikitulia ni kwa sababu unatumia dawa na umebadili mwenendo. Usiache wala kupunguza dawa bila daktari kukuambia.

Runinga yake ipo, na mpira anaangalia. Hakuna starehe tuliyomnyang'anya. Tuliipanga tu, kama alivyopanga jikoni kwake.

Jioni ya leo chukua karatasi. Andika saa ulizokaa, saa ulizotembea, nani alipika na chumvi ilitiwa na nani. Kisha, kabla ya kulala, washa taa uchungulie chini ya meza ya jikoni. Ukikuta chupa ya soda, inuse.