Mashine za hospitali nazo huugua, na zikiugua hudanganya

Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa zamuni katika hospitali moja ndogo wakati mama mmoja alipoingia mbio akiwa amembeba mtoto wa karibu mwaka mmoja. Mtoto alikuwa na nimonia. Kifaa cha kupimia oksijeni kwenye damu, kile kinachobanwa kidoleni, kilisoma asilimia 84. Ikishuka chini ya 90, mtoto huhitaji kuongezewa oksijeni bila kukawia.

Tulimwunganisha na mashine ya oksijeni. Ilinguruma vizuri, taa ikawaka, na kipimo cha mtiririko kikaonyesha kiasi tulichotaka. Baada ya robo saa mtoto alikuwa bado 84. Mama yake alinitazama akaniuliza, "Daktari, mbona mashine inanguruma na mtoto hapati nafuu?"

Kwa bahati njema kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni uliosalia stoo. Tulipouwasha, mtoto alipanda hadi 93 baada ya muda mfupi, na akapona. Asubuhi fundi aliifungua ile mashine na kukuta chujio lake limezibwa na vumbi mfano wa blanketi. Nilipouliza lilisafishwa lini, hakuna aliyejua. Hapakuwa na daftari lolote lililoandikwa.

Wananchi wengi hudhani kwamba mashine ama ni nzima ama imekufa. Ukweli ni kwamba mashine nyingi huugua polepole huku zikiendelea kunguruma, na hapo ndipo hatari ilipo. Mashine iliyokufa humfanya muuguzi atafute nyingine, lakini iliyo mgonjwa humdanganya.

Jinsi mashine ya oksijeni inavyofanya kazi

Mashine hii haina oksijeni ndani yake. Huvuta hewa ya kawaida, ambayo ina oksijeni ya takriban asilimia 21, na kuisukuma katika mikebe iliyojaa chembechembe ziitwazo zeolaiti. Chembechembe hizo hunasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mashine iliyo nzima hutoa oksijeni ya takriban asilimia 93.

Chujio likizibwa, mashine hukosa hewa na kupata joto kupita kiasi. Unyevu nao huharibu zeolaiti. Oksijeni hupungua kidogo kidogo, na ikifika chini ya asilimia 82 mashine hiyo haifai kutumiwa kwa mgonjwa. Hata hivyo, kipimo cha mtiririko hakitakwambia hayo. Kipimo hicho hupima wingi wa hewa inayotoka, wala si ubora wake. Ndiyo maana kila hospitali inahitaji kifaa kidogo cha kupima kiwango halisi cha oksijeni kwenye bomba.

Kazi ya kuzuia yote hayo ni ndogo. Chujio la nje huoshwa kwa maji na sabuni angalau mara moja kwa juma, kisha hukaushwa kabla ya kurudishwa. Mashine nayo haisukumwi hadi ikabana ukuta, bali huachiwa nafasi ivute hewa.

Presha na vifaa vya upasuaji

Mfano wa pili unawagusa wasomaji wengi zaidi. Mashine ya kupima presha yenye mshale hupoteza usahihi kwa kutumiwa na kuangushwa, na yafaa ipimwe upya angalau kila mwaka. Tuseme mashine inasoma 10 chini ya kiwango halisi. Mtu mwenye presha ya 146 ataambiwa ana 136, naye atakwenda nyumbani akiamini yuko salama, ilhali kiwango tunachohesabu kuwa presha ya juu hospitalini huanzia 140. Huyo anaweza kurudi kwetu baada ya miaka mitano akiwa amepooza upande mmoja.

Mfano wa tatu ni mashine ya kuulia viini kwa mvuke, inayotumiwa kwa vifaa vya upasuaji. Ili viini vife, mvuke lazima ufikie joto kama la nyuzi 121 na ukae hapo kwa muda uliowekwa. Mpira wa mlango ukichakaa, mvuke huvuja. Utepe unaobadilika rangi juu ya furushi huonyesha tu kwamba furushi lilipata joto, na si thibitisho kwamba viini vyote vimekufa. Mama aliyepasuliwa ili ajifungue anaweza kupata usaha kwenye kidonda, na lawama zikamwendea daktari, kumbe chanzo ni mpira.

Hesabu ya shilingi

Wakurugenzi wa hospitali huniambia kuwa utunzaji ni ghali. Tufanye hesabu pamoja. Chukua mfano wa mashine iliyonunuliwa kwa Sh3,000,000. Ikitunzwa ikadumu miaka 10, bei yake ni Sh300,000 kwa mwaka. Ongeza asilimia 5 ya bei ya ununuzi kila mwaka kwa ajili ya fundi na vipuri, yaani Sh150,000. Jumla ni Sh450,000 kwa mwaka.

Sasa mashine kama hiyo iachwe bila kutunzwa, ife baada ya miaka minne. Bei yake imekuwa Sh750,000 kwa mwaka, bila kuhesabu wagonjwa waliofukuzwa mlangoni na wale waliopewa majibu yasiyo sahihi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Isitoshe, kununua mashine ni mwanzo tu. Mwaka wa 2015 serikali kuu ilianzisha mpango wa kukodisha mitambo kwa miaka saba, kwa hospitali mbili katika kila kaunti na nyingine chache za kitaifa. Wazo la kumfanya mwenye mitambo awajibike kuitunza lilikuwa zuri. Lakini kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka wa 2020 iligundua kuwa baadhi ya mitambo ilikuwa imekaa bure kwa kukosa wahudumu, stima ya kutosha au maji. Mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo haiwezi kufanya kazi bila maji yaliyosafishwa, hata ikiwa mpya namna gani.

La kufanya

Kwanza, kila hospitali iwe na orodha ya mashine zake zote: ilinunuliwa lini, iko chumba gani, ilikaguliwa lini mara ya mwisho.

Pili, zianze zile ambazo kuharibika kwake huua. Mashine ya oksijeni, ya kunusia dawa ya usingizi na ya kuulia viini zisingoje zamu nyuma ya kompyuta ya afisa wa mapokezi.

Tatu, muuguzi apewe ukaguzi mfupi wa kila siku, kama vile kutazama chujio, waya na betri, na kutia sahihi. Kazi kubwa zaidi iachiwe fundi aliyesomea vifaa vya hospitali. Mafundi hao wapo, kwani chuo cha KMTC hutoa stashahada ya kazi hiyo. Asiitwe fundi wa redio.

Nne, mashine isinunuliwe, wala msaada usipokewe, kabla ya kuuliza vipuri vitapatikana wapi na nani atafundishwa kuitumia.

Nawe msomaji una sehemu yako. Ikiwa una mashine ya presha nyumbani, ipeleke kliniki mara moja kwa mwaka ilinganishwe na nyingine iliyopimwa. Hakikisha kitambaa chake kinautosha mkono wako, kwa maana kilicho kidogo huongeza presha ambayo huna. Badilisha betri zikilegea.

Na ukiwa hospitalini, usiogope kuuliza: "Mashine hii ilikaguliwa lini?" Nyingi hubandikwa karatasi ndogo yenye tarehe. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Yule mama aliyeniuliza usiku ule hakuwa na elimu ya udaktari, lakini swali lake ndilo lililonifanya niache kuitazama taa ya mashine na kumtazama mtoto.